ASKARI NA WASHIRIKA: KUANZA LUGHA NGENI KWA HADITHI FUPI

Utangulizi

Mwalimu anayeijua lugha husahau upesi hali aliyokuwa nayo kabla ya kuijua. Kwa sababu hiyo, mwanachuo anapokwenda kwenye mazoezi ya kufundisha, aghalabu humwona mtoto aliyenyamaza kuwa ni mvivu au mkaidi, ilhali mtoto huyo amefikwa na jambo moja tu: sauti zinampita masikioni bila ya kuacha maana. Hatukuona njia ya kumfahamisha mwanachuo jambo hili kwa maneno matupu. Tuliona ni afadhali tumketishe yeye mwenyewe kwenye dawati la asiyejua.

Ndiyo maana tuliwafundisha wanachuo wetu Kilatini kwa vipindi vichache. Hatukukichagua ili wakakifundishe katika shule za msingi. Huko hakina nafasi. Tulikichagua kwa kuwa kwetu lugha hii hufundishwa hasa katika seminari za Kikatoliki, na kati ya wanachuo tuliokuwa nao hapakuwa na aliyepitia huko. Hakuna aliyeweza kubahatisha maana kwa jambo alilolisikia redioni au sokoni. Mbele ya ubao wote walikuwa sawa.

Katika makala haya tutaeleza jinsi tulivyokosea mara ya kwanza, hadithi tuliyoitumia mara ya pili, hatua za somo lenyewe, na mafunzo ambayo mwalimu wa shule ya msingi anaweza kuyachukua hata kama hatalisikia tena neno la Kilatini maishani mwake.

Kwa nini askari?

Kilatini kilikuwa lugha ya Roma ya kale, na kwa karne nyingi baadaye kiliendelea kuwa lugha ya elimu na ya Kanisa katika Ulaya ya magharibi. Hata neno letu "shule" limefika kwetu kwa njia ya Kijerumani kutoka katika neno la Kilatini "schola", ambalo nalo Warumi walilitwaa kwa Wagiriki.

Kwa muda mrefu kitabu cha kwanza kupewa mwanafunzi wa Kilatini katika shule nyingi za Ulaya kilikuwa habari za vita alivyopigana Julius Caesar katika nchi ya Gallia kuanzia mwaka 58 K.K., kama alivyoziandika mwenyewe. Huyu ndiye Kaizari ambaye wasomaji wetu wengi wamemjua kwa tafsiri ya mchezo wa Shakespeare iliyofanywa na Mwalimu Julius Nyerere na kutolewa kwanza mwaka 1963. Kwa kuwa mwanafunzi alitarajiwa kukisoma kitabu hicho, vitabu vya kuanzia vilimtayarisha kwa maneno yake: askari, jemadari, adui, mshirika, kambi na mto.

Si walimu wote waliopendezwa na njia ya kumkaririsha mwanafunzi majedwali ya sarufi na kisha kumtupa katikati ya vita vya Gallia. Mwaka 1658 Comenius alitoa kitabu cha picha ambacho mtoto aliona kitu, akasoma jina lake kwa Kilatini na kwa lugha yake. W. H. D. Rouse, aliyekuwa mkuu wa Perse School mjini Cambridge toka mwaka 1902 hadi 1928, alifundisha Kilatini kwa kukisema darasani. Mwalimu wa Denmark, Hans Ørberg, alitoa mwaka 1955 kitabu kinachosimulia maisha ya jamaa moja ya Kirumi kwa Kilatini kitupu, kuanzia sentensi nyepesi sana. Walimu hawa hawakufanana katika mambo yote, lakini kila mmoja alikataa kuanza na jedwali.

Kosa letu la kwanza

Sisi tulianza na jedwali. Tuliandika ubaoni neno "miles", maana yake askari, pamoja na namna zake zote: miles, militem, militis, militi, milite. Wanachuo walilikariri pamoja, kisha safu kwa safu, kisha mmoja mmoja. Darasa lilikuwa na sauti nzuri, na mtu aliyepita dirishani angedhani kwamba kazi kubwa ilikuwa ikifanyika.

Kipindi kilipokaribia kwisha tuliandika sentensi moja ya maneno matatu na kuuliza nani katenda nini. Darasa zima lilinyamaza. Mwanachuo mmoja, ambaye kwa kawaida mkono wake ndio wa kwanza kunyanyuka, aliinamisha kichwa na kuanza kuchorachora daftarini. Tulipomtaja kwa jina alijibu, "Mwalimu, ninayajua yote haya, ila sijui ni ya nini." Jibu hilo lilitufunga mdomo, kwani kosa halikuwa lake. Tulikuwa tumempa vipande vya jembe bila ya kumwonyesha shamba.

Hadithi yenyewe

Juma lililofuata tulirudi darasani na hadithi hii, ambayo tuliitunga wenyewe:

Marcus miles est. Titus socius est. Hostis venit. Marcus Titum vocat. Titus audit. Hostis Marcum vulnerat. Titus currit. Titus hostem fugat. Titus Marcum servat. Dux venit. Dux militem laudat. Dux socium non laudat. Marcus tacet.

Kwa Kiswahili ni hivi: Marcus ni askari. Titus ni mshirika. Adui anakuja. Marcus anamwita Titus. Titus anasikia. Adui anamjeruhi Marcus. Titus anakimbia kuelekea kwao. Titus anamfukuza adui. Titus anamwokoa Marcus. Jemadari anakuja. Jemadari anamsifu askari. Jemadari hamsifu mshirika. Marcus ananyamaza.

Ukiacha majina mawili ya watu, hadithi nzima ina maneno kumi na matano tu: majina manne, vitenzi kumi, na neno moja la kukanusha. Sentensi ni kumi na tatu, na hakuna yenye maneno zaidi ya manne. Hata hivyo ina mwanzo, ina hatari, ina tendo jema, na mwishoni ina dhuluma. Mwanachuo akifika mwisho hataki kuuliza habari za sarufi. Anataka kuuliza kwa nini Marcus hakusema kitu. Hamu hiyo ndiyo inayomrudisha katika hadithi mara ya pili na ya tatu bila ya kulazimishwa.

Hatua za somo

Hatua ya kwanza: kusikia. Hatukuandika neno lolote ubaoni. Tuliwaita mbele wanachuo wanne. Mmoja alivaa kofia akawa Marcus. Wa pili akafunga kitambaa mkononi akawa Titus. Wa tatu akawa adui, na wa nne jemadari. Tulisimulia polepole huku wao wakitenda. Tulipofika "Marcus Titum vocat", Marcus alipunga mkono kumwita mwenzake. Tulisimulia mara tatu, na mara zote darasa lilitazama na kusikiliza tu.

Katika hatua hii matamshi hayakutupa taabu. Irabu za Kilatini ni zile zile tano tulizonazo, ingawa wao hutofautisha fupi na ndefu. Herufi "c" tuliitamka kama "k" daima, na "v" kama "w", kufuata matamshi ya kale. Ya Kanisa ni tofauti kidogo, na mwalimu achague moja asiyachanganye. Kosa moja lilijitokeza: wanachuo walitia mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, kama tufanyavyo katika Kiswahili, hata katika neno "militem", ambalo mkazo wake uko mwanzoni.

Hatua ya pili: kuonyesha kuwa wameelewa. Tuliuliza kwa Kiswahili: "Nani aliyejeruhiwa? Nani aliyemfukuza adui?" Tuliwaruhusu kujibu kwa Kiswahili, au hata kwa kunyoosha kidole. Mtu huelewa kabla ya kuweza kusema, na anayemdai mwanafunzi aseme kabla hajaelewa humfundisha woga.

Hatua ya tatu: kusoma. Ndipo tulipoiandika hadithi ubaoni, na tukagawa kadi za maneno. Kila kundi lilipanga sentensi, lililinganisha na ubao, kisha lilisoma kwa sauti.

Hatua ya nne: kugundua. Hii ndiyo hatua ambayo mwalimu hatakiwi kuiharakisha. Tulipigia mstari sentensi mbili: "Titus socius est" na "Marcus Titum vocat". Tukauliza, "Jina la mtu huyu limebadilika. Kwa nini?" Tulinyamaza. Mwanachuo mmoja akasema labda ni watu wawili. Mwingine akakataa. Baada ya kutazama sentensi zote, kundi la nyuma lilisema: anayetenda jambo jina lake linaishia na "-us", na anayetendwa linaishia na "-um". Tukaomba ushahidi zaidi, nao wakauleta: Marcus na Marcum, socius na socium, hata miles na militem, hostis na hostem. Majina hayo huanza kwa namna mbalimbali, lakini yote yanapopokea tendo huishia na "m".

Hatua ya tano: kujaribu. Tuliandika ubaoni "Titus Marcum servat", kisha chini yake "Titum Marcus servat". Mpangilio ni ule ule, kitenzi ni kile kile. Tukawaambia Marcus na Titus watende sentensi ya pili. Walitazamana kidogo, kisha wakabadilishana nafasi: sasa Marcus ndiye aliyemwokoa Titus. Darasa lilipiga makofi. Herufi mbili zilikuwa zimebadilisha nani aliyeokoa na nani aliyeokolewa.

Kiswahili kama ngazi

Hapo wanachuo walianza wenyewe kulinganisha na lugha wanayoijua. Tukisema "Juma amemwita Ali" na "Ali amemwita Juma", maana hutofautiana kwa mpangilio wa maneno tu, maana watu wote wawili wamo katika ngeli moja. Lakini tukisema "Kisu kimeukata uzi", tunaweza pia kusema "Uzi, kisu kimeukata", na hakuna atakayedhani kwamba uzi ndio uliokata kisu. Viambishi "ki-" na "-u-" vimekwisha kumweleza msikilizaji kila kitu. Basi kazi ambayo Kilatini huifanya mwishoni mwa jina, Kiswahili mara nyingi huifanya ndani ya kitenzi.

Walitambua jambo la pili pia. Neno "vocat" peke yake latosha kumaanisha "anaita". Likiwa "vocant" ni "wanaita". Na "voco" ni "ninaita". Mtenda amefichwa ndani ya kitenzi, kama ilivyo kwetu, ila sisi tunamtanguliza na wao wanamweka mwishoni. Tena Kilatini hakina vile vineno ambavyo Kiingereza huvitanguliza kabla ya jina; "miles" ni askari tu, awe yule tunayemjua au yeyote. Mwanafunzi anayeijua lugha ya Kiswahili amekwisha kutembea nusu ya safari bila ya kujua.

Mwanachuo mmoja aligundua kwamba "m" ya mtendwa katika Kilatini inafanana na "m" yetu katika "anamwita" na "anamsifu". Ufanano huu ni wa bahati tu, wala lugha hizi mbili hazina udugu. Hata hivyo kama kumbukumbu unafaa sana, na tuliuacha utumike, tukiwaonya kwamba hautafaa watakapofika kwenye wingi.

Wingi, na hatari ya mfano usiochaguliwa vema

Kipindi kilichofuata tulileta wingi: "Milites socios vocant. Socii milites servant." Askari wanawaita washirika, washirika wanawaokoa askari. Hapa ndipo mwalimu anapopaswa kuwa mwangalifu. Neno "milites" halibadiliki, wawe askari wanatenda au wanatendwa. Vivyo hivyo "hostes", maadui. Kwa hiyo sentensi "Milites hostes vulnerant" yaweza kumaanisha askari wanawajeruhi maadui, au kinyume chake. Mwanafunzi anayeanza akipewa sentensi hiyo atabahatisha, na akikosa ataadhibiwa kwa kosa la aliyeitunga.

Lakini "socii" ni washirika wanaotenda, na "socios" ni washirika wanaotendwa. Ukiwaweka askari pamoja na washirika katika sentensi moja, mshirika humwangazia askari: tukijua mshirika anafanya nini, tumejua na askari anafanya nini. Kwa sababu hiyo jozi ya askari na washirika inafaa kwa anayeanza kuliko jozi ya askari na maadui, ingawa hii ya pili ndiyo inayokuja kwanza akilini. Mwalimu hachagui mfano kwa kuwa umemjia ulimini. Huuchagua kwa kuwa unaonyesha wazi lile analolifundisha, na haufichi.

Mshirika alikuwa nani?

Tulikuwa tumeahidi kurudi kwenye ukimya wa Marcus. Mwanafunzi akiuliza swali lenye uzito kuhusu hadithi, astahili jibu la kweli.

Neno "socii" Warumi walilitumia kwa miji na makabila ya Italia yaliyofungwa nao kwa mikataba. Washirika hawa walitoa askari kila Roma ilipokwenda vitani. Polybius, mwanahistoria Mgiriki wa karne ya 2 K.K., aeleza kwamba askari wa miguu wa washirika walikuwa sawa kwa idadi na wale wa Roma, na wapanda farasi wao walikuwa mara tatu. Hata hivyo wengi wao hawakuwa raia wa Roma, wala hawakuwa na kura katika maamuzi ya vita walivyokwenda kupigana.

Mwaka 91 K.K. washirika wengi waliasi. Vita hivyo vinaitwa hadi leo Vita vya Washirika. Waasi waliufanya mji wa Corfinium kuwa makao yao makuu, wakatengeneza sarafu zao wenyewe. Baadhi ya sarafu hizo zinamwonyesha fahali, mnyama wa Italia, akimpiga pembe mbwamwitu wa Roma. Mwaka 90 K.K. Roma ilipitisha sheria ya kuwapa uraia washirika waliobaki waaminifu, na mapigano makubwa yalikuwa yamekwisha kufikia mwaka 88 K.K. Kwa ufupi, walipewa kwa vita kile walichonyimwa kwa ombi.

Tulipokwisha kueleza, yule mwanachuo aliyekuwa akichorachora daftarini alisimama na kuomba kuongeza sentensi moja kwenye hadithi. Alitafuta kadi, akaondoa "tacet", akapanga: "Marcus socium laudat." Marcus anamsifu mshirika. Hakuna aliyemfundisha sentensi hiyo. Maneno yote yalikuwemo, na "m" aliiweka mahali pake.

Yanayomfaa mwalimu wa shule ya msingi

Mtoto anayeanza Kiingereza, au anayekuja shuleni akiwa na lugha ya nyumbani isiyo Kiswahili, yuko katika hali waliyokuwa nayo wanachuo wetu siku ya jedwali. Kwa hiyo twapendekeza mambo yafuatayo.

Kwanza, hadithi itangulie kanuni. Iwe fupi, yenye maneno machache yanayorudiwa, lakini iwe na jambo la kumgusa mtoto.

Pili, tendo liende pamoja na neno. Kofia na kitambaa havina gharama, na darasa lisilo na vitabu vya kutosha bado lina watoto wanaoweza kuigiza.

Tatu, mtoto apewe nafasi ya kuelewa kabla ya kudaiwa kusema. Kunyoosha kidole ni jibu.

Nne, kanuni igunduliwe na watoto wenyewe kutokana na mifano iliyochaguliwa kwa uangalifu. Jedwali lina faida yake, lakini lije baadaye, kama ghala la kuwekea mavuno. Wanachuo wetu walilijaza jedwali la "miles" katika kipindi cha nne, na safari hii walijua ni la nini.

Tano, lugha ambayo mtoto anaijua isihesabiwe kuwa kizuizi. Mwalimu aulize, "Kwenu mnasemaje?" na atumie jibu hilo kama ngazi.

Hitimisho

Mwishoni mwa vipindi hivyo tuliwataka wanachuo waandike mstari mmoja kuhusu waliyojifunza. Tulitarajia wataje sarufi. Mwanachuo mmoja aliandika kwamba katika mazoezi ya kufundisha yaliyopita aliwahi kumsimamisha mtoto mbele ya wenzake hadi kipindi kikaisha, kwa kuwa hakujibu swali kwa Kiingereza. Na kwamba siku ya jedwali, aliposikia jina lake likiitwa naye hana jibu, alimkumbuka mtoto yule. Hatukuwa na la kuongeza. Aliporudi kwenye mazoezi tulikwenda kumkagua, tukamkuta na watoto watatu mbele ya darasa, mmoja amevaa kofia, na ubao ulikuwa bado mweupe.

Maswali ya kujadili

1. Tunga hadithi yenye maneno yasiyozidi kumi na matano kwa somo la kwanza la Kiingereza. Je, mtoto akifika mwisho atataka kuuliza nini?

2. Tafuta katika kitabu cha kiada sentensi moja ambayo mwanafunzi anaweza kuielewa kwa njia mbili. Ibadilishe ili iwe wazi.

3. Eleza jinsi lugha moja ya nyumbani unayoijua inavyoonyesha mtenda na mtendwa, ukiilinganisha na Kiswahili.

4. Je, ni wakati gani kukariri jedwali kunamsaidia mwanafunzi? Toa sababu.